Njiti Chini ya Shuka la Kinyozi

Dada yangu mpendwa, mkunga wa wakunga,

Shikamoo. Ila usiitikie bado. Hiyo marahaba yako ishike hapo hapo mkononi, usome kwanza barua hii mpaka chini kabisa, ndipo uamue kama mimi ni mtu wa kupewa au wa kunyimwa.

Hujambo lakini? Huo mgongo unaendeleaje? Na kile chumba ulichosema kinavuja juu ya kitanda, mwenye nyumba amekiziba, au bado unalala na beseni miguuni? Sisi huku wazima wote. Mama mzima, kikohozi kimemwacha, imebaki sauti ya kuniita mimi tu, na hiyo haiugui. Mimi ndiyo usiseme. Nimejaza mashavu, na siku hizi nikipita barabarani watu wazima wanavuka upande wa pili kuja kunisalimia. Najua hapo umeguna, umesema Domo ameanza. Haya, niite Domo, leo nakuruhusu. Ukimaliza kusoma huenda ukanitafutia jina jingine, zuri au baya, sijui.

Habari niliyonayo inahusu zahanati yako. Kaa chini kama umesimama.

Tangu uondoke ni mwaka mmoja na nusu, na katika barua zangu zote sikukwambia jinsi zahanati ilivyokuwa, maana ningekutia uchungu bure. Wiki mbili tu baada ya wewe kupanda lile lori la vitunguu, askari walikuja wakapanga magunia ya mchanga mlangoni, pale pale kwenye benchi la kina mama wajawazito. Wakasema wanailinda isichukuliwe na watu wa mlimani. Watu wa mlimani nao wakaanza kupiga risasi kutoka juu, wakisema wanawalenga askari waliopora zahanati ya wananchi. Ukimuuliza huyu, yupo kwa sababu ya yule. Ukimuuliza yule, anapiga kwa sababu ya huyu. Ukuta wa chumba chako cha kuzalishia una matundu kama chekeche. Wajawazito wakawa wanapelekwa kwa baiskeli hadi mji mwingine, kutwa nzima njiani, na wawili hawakufika. Sikutajii ni nani. Utaambiwa ukija.

Na watu wanasemaje? Dada, kwa hilo niulize mimi, kinyozi. Askari wakipita na gari lao, mkono wa kila mtu uko juu kuwapungia. Gari likikata kona, mkono ule ule unakuna kichwa, na mwenye mkono anasema anaona mawingu. Siku ya gulio watu wa mlimani wanashuka wamejipaka vumbi la mkaa, wanajifanya wauza mkaa, na mji mzima unawajua kwa nywele zao, maana hakuna muuza mkaa wa kweli mwenye miiba kichwani. Wanapewa maji, wanaitwa mashujaa, na wakishaondoka mama mwenye nyumba anachungulia kama kuku wametimia. Wote nawanyoa mimi. Askari Jumatano, mlimani siku ya gulio. Kiti kimoja, nyembe mbalimbali, sijamkata mtu. Na wote wakishafumba macho chini ya mashine wanasema mambo yale yale: kwao mbali, chakula kibaya, na huyu mkuu wetu ana makelele.

Sasa, miezi minne iliyopita alikuja bibie mmoja kutoka mji mkuu, mtafiti, ana mkoba wa karatasi na viatu visivyojua matope. Sisi tukamwita Bibie Dodoso. Kazi yake ni kuuliza watu mlango kwa mlango: unawaamini askari sana, kiasi, kidogo, au huwaamini? Watu wa mlimani je? Na nani alinde zahanati? Kamanda wa askari akampa askari wawili wa kumsindikiza. Hapo unaona mwenyewe mambo yalivyokwenda. Huku chini nyumba zote zilijibu kwamba askari wanapendwa sana, hata wao wenyewe wanashangaa wanavyopendwa. Ng'ambo ya kijito askari hawavuki, akaenda peke yake, na huko watu wa mlimani wakawa ndio wanaopendwa mpaka watoto wanaota. Fundi baiskeli, ambaye nyumba yake iko hapo hapo kijitoni, alimwomba kwanza amwambie ametokea upande gani, ndipo amjibu.

Bibie Dodoso akaja kukaa kwenye benchi langu la kusubiria, karatasi magotini, akakaribia kulia. Alisema miezi miwili ya kazi yake imezaa sifa tupu. Nikamwambia, bibie, wewe unauliza midomo, na midomo ya mji huu ina hofu. Uliza mikono. Akaniuliza mikono gani. Nikalikung'uta shuka langu la kunyolea, lile la bluu ulilonishonea wewe, nikamfunga shingoni, nikamuuliza: mikono yako iko wapi? Hakuna aliyeiona. Hata mimi niliyesimama juu yake sikuiona.

Dada, darasa la sita nililoishia mimi lilikuwa na kitu ndani yake. Mwalimu alinifukuza mapema mno.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mtu akikaa kwenye kiti, chini ya shuka anapewa vitu vitatu: harage, kifungo na njiti ya kiberiti. Magotini anabana kopo. Swali ni moja, nani alinde mlango wa zahanati. Harage ni askari. Kifungo ni watu wa mlimani. Njiti ni asilinde mwenye bunduki yeyote, wakae wauguzi na wagonjwa basi. Anatumbukiza kimoja, viwili anaviacha mfukoni mwake akavitupe kwake. Mimi juu nanyoa, napiga domo la mpira. Shangazi yule wa saluni ya jirani akafanya vivyo hivyo kwa wanawake, maana naye ana shuka. Jioni Bibie Dodoso anamwaga makopo yote kwenye mfuko mmoja, hakuna kuhesabu mpaka mwisho, ili hata sisi tusijue siku ya nani imetoa nini.

Siku ya kwanza nikagundua kasoro. Harage likianguka kwenye kopo linasema ko! Kifungo kinasema ti! Njiti haisemi kitu. Masikio yangu unayajua. Nikafungua redio mpaka mwisho, spika ikawa inakoroma, tukaendelea. Mji ukanyoa nywele kwa siku kumi kama kuna harusi ya wote. Mshona viatu, yule ambaye kichwa chake hakijaona unywele tangu nimjue, akaja akakaa, akadai naye anyolewe. Nikampaka poda, nikampangusa, akaondoka ameringa. Kuna mmoja alikuja mara ya tatu, nywele zimekwisha, anataka nyusi. Nikamfukuza.

Siku ya tisa, asubuhi na mapema kabla sijafagia, akaingia kamanda mwenyewe. Hajawahi kuja dukani. Huwa naitwa kambini. Ana chunjua shingoni, kubwa kama punje ya hindi, na katika mji huu mimi peke yangu ndiye ninayejua kulizunguka kwa wembe. Akakaa. Akasema amesikia kuna mchezo wa makopo, na kwamba hana la kuuchezea, lakini asije akaonekana anaogopa kopo. Nikamfunga shuka, nikampa vitu vyake, nikafungua redio. Akaniamuru niifunge, kelele za mpira zinamuumiza kichwa. Nikaifunga.

Dada, duka lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia povu la sabuni likipasuka kwenye kidevu chake. Nilimnyoa kidevu chote, nikalizunguka chunjua lake, nikamaliza. Akasimama, akaniachia kopo kitini, akatoka. Nikwambie nilichosikia? Sikusikia kitu. Si ko, si ti. Nimesema hivyo na sitaongeza neno, na barua hii ukishaisoma ichome.

Siku ya kumi na moja tukakutana kwenye banda la soko, mchana, jua limesimama. Mji mzima ulikuwepo, kamanda kwenye kiti cha mbele, askari wake nyuma, na kwa waliosimama pembeni niliona vumbi la mkaa kwenye zaidi ya shingo mbili. Bibie Dodoso akamwaga mfuko juu ya meza ya muuza nyama, wakahesabu mbele ya watu, yeye na shangazi na mwalimu. Vichwa mia nne thelathini na saba. Maharage arobaini na tatu. Vifungo thelathini na kimoja. Njiti mia tatu sitini na moja. Na vitu viwili visivyojulikana, ganda la karanga na jino bovu. Mwenye jino mpaka leo hajajitokeza.

Watu hawakupiga makofi. Walitazama ile chungu ya njiti kama mtu anayejiona kwenye kioo mara ya kwanza baada ya homa. Kila mmoja alikuwa anadhani yuko peke yake, dada. Kila mmoja alidhani njiti ni yake tu.

Kamanda akasimama. Akasema kwa upole, ule upole wa kutisha, kwamba hesabu hiyo si kitu, kwamba raia wametishwa na watu wa mlimani watie njiti, raia wenye akili timamu wanataka ulinzi. Ndipo akasimama bibi muuza mkaa, huyu wa kweli, mwenye mtoto wake wa mwisho huko mlimani, na wote tunajua na hakuna anayesema. Akasema yeye hakutishwa na mtu, njiti moja pale ni yake, na kama kamanda anataka kuijua ni ile iliyovunjika ncha, kwa sababu aliitumia kwanza kutolea uchafu kwenye kucha. Banda likaangua kicheko. Akasimama mke wa fundi baiskeli, tumbo hilo mbele, akasema na yeye yake imo, na kwamba mtoto huyu hataki kuzaliwa juu ya baiskeli ya babake, breki zenyewe hazishiki. Akasimama mshona viatu, kipara kinang'aa, akasema hata waliokosa nywele wametoa njiti.

Kamanda akanigeukia mimi. Akaniuliza mbele ya watu wote, kinyozi, ni nani hasa hawa waliokaa kwenye kiti chako?

Hebu nifikirie hapo, dada. Mimi. Domo. Mji wote unanitazama, na ulimi wangu umebeba neno ambalo lingemvua yule bwana kofia mbele ya askari wake, na lingenipa kicheko cha kula miaka kumi. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Lilishuka kama dawa ya minyoo. Nikasema, Afande, kila kichwa kilichokaa kwenye kiti changu kimo humo. Nikasema tena, kila kichwa.

Akanitazama. Mkono wake ukapanda wenyewe shingoni, ukagusa chunjua. Nami nikatazama chini, nikafagia kwa macho. Akasimama muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili, kisha akasema kwamba atawaandikia wakubwa wake kuwa wananchi wenyewe wameomba, na kwamba magunia yataondoka Alhamisi, ikiwa wale wengine nao wataacha kupiga. Akatoka. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini kwamba Jumatano nije kambini na wembe mpya. Nikajibu ndiyo Afande.

Bibi muuza mkaa akaikunja karatasi ya hesabu kwenye kanga yake, akaipeleka mlimani kwa miguu yake. Siku mbili baadaye akarudi. Alisimulia kwamba mwanawe aliuliza jambo moja tu, vifungo vilikuwa vingapi. Alipoambiwa thelathini na kimoja alisema walidhani mji mzima uko nao. Mamake akamwambia, mwanangu, hata mimi sikukutilia kifungo. Nakupenda, ila zahanati ni zahanati. Wakakubaliana huko juu kwamba mwenye bunduki hatavuka kijito. Na mpaka ninapoandika hawajavuka, wala risasi haijalia, wiki tatu kamili.

Alhamisi magunia yaliondoka. Askari wenyewe waliyapakia, wanaimba, na yule kijana wao anayependa kunyolewa panki akalipangusa benchi la kina mama kwa kofia yake. Watu walikuja na ndoo, wengine na chokaa. Nimepiga chokaa chumba chako mimi mwenyewe, kuta tatu. Ya nne nimeiacha kidogo haijanyooka ili ukija upate la kunisema. Wauguzi wawili wameletwa, wazuri, lakini wote wanauliza mkunga yuko wapi.

Kisha akaja Mzee wa Funguo, yule mlinzi, na hapa ndipo ninapofika pale nilipokuwa sitaki kufika.

Unajua uliondoka ukiwa umemwambia Mama kwamba ni mzee huyu aliyekuuza, kwa kuwa siku ile ulipomshona yule kijana wa mlimani mguu hakukuwa na mtu mwingine chumbani ila yeye, ameshika beseni. Mama hajamsalimia tangu siku ile. Mtaa mzima ulimtenga. Siku ya kufungua akatoa funguo zote, akafungua chumba chako, na koti lako jeupe likawa linaning'inia kwenye msumari, safi, limepigwa pasi. Kila mwezi alikuwa analitoa kwa dirisha la nyuma, analifua, analirudisha, risasi au hakuna risasi. Akamnyooshea Mama ufunguo, akamwomba akutumie. Mama akageuza uso, akamwacha mkono uko hewani.

Dada, si yeye. Ni mimi.

Jioni ile ulipotoka kunihadithia, dukani kulijaa, benchi halina nafasi, na mimi nilitaka kicheko. Nikawaambia dada yangu ni fundi, asubuhi amemshona mtu wa mlimani mguu, mchana kamshona askari mkono, na wote wawili wamemlilia mama kwa sauti ile ile. Walicheka mpaka mmoja akaniangushia poda. Sikutazama ni nani amekaa kwenye benchi. Siku ya pili askari walikuja kukuhoji, siku ya tatu watu wa mlimani wakaandika vitisho mlangoni pako. Na ulipokuwa unapanda lori unamlaani yule mzee, mimi ndiye niliyekuwa nimekushikia begi. Siku ya kufunga mdomo niliufungua, na siku ya kuufungua nikaufunga.

Mkono wa mzee ulipobaki hewani ndipo niliposema, mbele ya Mama, mbele ya wauguzi, mbele ya watu wenye ndoo. Mama alinipiga kofi moja, la kwanza tangu nimeota ndevu, kisha akamwendea mzee, akaupokea ule ufunguo kwa mikono miwili. Mzee alisema alijua tangu kesho yake, aliambiwa na waliokuwa dukani. Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya akatukanwa mwaka mzima na nusu. Alisema ulikuwa unaondoka huna kitu, na kumkosa mlinzi ungeweza, lakini kumkosa mdogo wako usingeweza. Akaenda kufagia.

Basi ndiyo hiyo. Ufunguo nimeufunga kwenye kipande cha lile shuka la bluu, umo ndani ya bahasha hii, na barua anayo yule yule dereva wa vitunguu. Anasema anarudi Jumatatu na kiti cha mbele hakina mtu.

Mama anakusalimu sana, anasema kitanda chako kimeanikwa. Shangazi wa saluni anakusalimu. Bibi muuza mkaa anakusalimu. Fundi baiskeli anakusalimu huku anakaza breki, na mkewe anasema atajibana mpaka ufike, ila usijivute njiani. Mzee wa Funguo hakutuma salamu. Amelitoa tu koti lako, amelipiga pasi tena.

Na ile marahaba, kama bado unayo, usiitume kwa barua. Njoo nayo.

Ni mimi mdogo wako,
Domo